Ukuta Wenye Mwelekeo

Ilikuwepo nchi moja, na huenda ingalipo, iliyowapenda watoto wake kupita nchi zote za jirani. Upendo huo uliandikwa kila mahali: kwenye magari ya serikali, kwenye kalenda, kwenye kofia, na juu ya mlango wa vioo wa Ofisi ya Elimu ya Wilaya ya Matuli, ambako palisomeka kwa herufi nyekundu, MTOTO KWANZA. Mlango huo ulikuwa na askari, na kazi yake mojawapo ilikuwa kufukuza watoto wasiuchafue kwa mikono.

Kilomita ishirini na mbili kutoka mlango huo ilikuwepo Shule ya Msingi Kitongamano. Mwalimu mkuu wake alikuwa Sikudhani Malekano, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na tisa, mwenye sauti ya chini na tabia moja iliyokuja kumponza: akiona kitu kibaya, aliandika barua.

Alichokiona mwaka ule ni ukuta. Ulikuwa ukuta wa nyuma wa darasa la nne, wazazi waliujenga kwa matofali mabichi miaka mingi iliyopita, na masika baada ya masika maji yalikuwa yameula chini. Sasa ulikuwa umeinamia ndani, juu ya vichwa vya watoto tisini na sita. Kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni ulishuka ufa. Mwezi wa kwanza ufa ulipitisha vidole viwili. Mwezi wa tatu ulipitisha ngumi, na watoto wa dawati la mwisho wakaufanya kabati. Walihifadhi humo penseli na vifutio, na mmoja wao, binti wa miaka tisa aitwaye Tausi, alikuwa na kishimo chake mwenyewe ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse.

Sikudhani aliandika barua ya kwanza, haikujibiwa. Akaandika ya pili, akajibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa. Ya tatu aliipeleka mwenyewe.

Afisa Elimu wa Wilaya, Dokta Fulgensi Kipandula, alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu nadhifu, mnene kiasi, mwenye tabasamu ambalo halikumtoka hata akipokea habari za msiba.

"Mwalimu, karibu kiti. Barua zako zote tatu nimezisoma. Una mwandiko mzuri sana."

"Asante, mheshimiwa. Na ukuta?"

"Ukuta tunao moyoni."

"Wazazi wako tayari," Sikudhani alisema. "Wamechoma matofali, wana miti ya kuegemeza. Wanaomba ruhusa tu, waubomoe na kujenga mwingine likizo hii."

Kipandula alivua miwani akaifuta taratibu. "Waubomoe kwa sera ipi?"

"Kwa majembe, mheshimiwa."

"Ndiyo maana nakuuliza, mwalimu, kwa sababu wewe ni kiongozi." Alisogeza mbele yake kitabu kinene kama mkate wa sukari. "Wilaya inaandaa Sera ya Usalama wa Mwanafunzi na Uendeshaji wa Shule. Tuko rasimu ya tisa. Sasa wewe ukijenga ukuta leo na sera ikatoka kesho, ukuta wako utakuwa umejengwa kienyeji. Nitaulizwa mimi."

"Na ukianguka leo?"

"Hauwezi kuanguka. Uko kwenye mapitio."

Alisema hivyo bila kucheka. Sikudhani alimtazama usoni kwa muda, akitafuta walau dalili ya mzaha, hakuiona. Alipotoka pale alipewa kalenda yenye picha ya mtoto anayetabasamu, na mwaliko wa kuwa mdau katika kikao cha kupitia rasimu.

Kikao kilifanyika kwa siku tatu katika hoteli ya wilaya nyingine, kwa kuwa ukumbi wa wilaya ya Matuli ulikuwa na dari bovu na isingefaa kuhatarisha maisha ya wataalamu wa usalama. Walikuwapo wajumbe hamsini na mmoja. Kati yao, aliyetoka shuleni alikuwa Sikudhani peke yake.

Siku ya kwanza walijadili jina la sera. Siku ya pili walifika kwenye tafsiri ya maneno, na hapo mtaalamu mshauri aliyetoka makao makuu alieleza kwamba hatari ziko za aina tatu: hatari tarajiwa, hatari stahimilivu na hatari iliyokwisha kutokea. Mbili za mwanzo huandikwa kwenye daftari. Ya tatu ndiyo huchukuliwa hatua. Wajumbe walipiga makofi. Sikudhani aliinua mkono akauliza kama hatari ikishatokea mtoto anakuwa wapi. Mtaalamu alimjibu kwamba swali hilo ni zuri, na litawekwa kwenye kapu la maswali mazuri. Kapu lilikuwepo kweli, limewekwa mezani karibu na maua.

Kisha wakalifikia neno "ukuta ulioinama." Mjumbe mmoja alilipinga kwa uchungu. Alisema kuinama kunaleta taswira ya udhaifu, na wawekezaji wanasoma. Baada ya saa moja na nusu na chai ya katikati, ilikubaliwa kwamba ukuta wa aina hiyo uitwe ukuta wenye mwelekeo.

Siku ya tatu Sikudhani aliomba nafasi. Alisimama akasoma sentensi moja aliyokuwa ameiandika kwenye kipande cha karatasi: "Mtoto asikae chini ya ukuta ulioinama."

Kipandula, aliyekuwa mwenyekiti, alimtazama kwa huruma.

"Mwalimu, wazo lako ni zuri. Tatizo ni fupi. Sera yenye sentensi fupi haiheshimiki. Lakini tusilitupe, tuliboreshe."

Wakaliboresha mpaka saa kumi jioni. Lilipotoka lilisomeka hivi: "Pale ambapo ukuta wenye mwelekeo na mwanafunzi vitabainika kuwapo katika eneo moja kwa wakati mmoja, mamlaka husika, kwa kushirikiana na wadau, itaangalia uwezekano wa kuandaa utaratibu wa kuangalia." Likawekwa kwenye kiambatisho cha saba. Kipandula alimshika Sikudhani mkono mbele ya kamera, akasema sauti ya mwalimu wa kawaida imesikika.

Aliporudi shuleni aliingiza ngumi kwenye ufa, ikapita pamoja na saa yake ya mkononi. Hakuandika barua. Aliita walimu, wakatoa madawati ya darasa la nne nje, wakafunga turubai kati ya ghala na jiko la shule, na watoto wakasomea hapo. Kulikuwa na moshi wa uji na kuku waliopita katikati ya somo la hesabu, lakini Sikudhani alilala usingizi wiki ile kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Wiki ya pili Kipandula alifika na gari mbili. Alitembea kuzunguka turubai akiwa amefunga mikono nyuma.

"Mwalimu, hawa watoto wako wapi?"

"Hawa hapa, mheshimiwa."

"Kimwili, ndiyo. Kisera hawapo shuleni. Rasimu inasema mwanafunzi ni mtoto aliye ndani ya darasa lililosajiliwa. Hili turubai halijasajiliwa. Mmoja wao akiumwa na nyuki hapa, mimi sina mwanafunzi aliyeumwa, nina mtoto wa watu aliyezurura."

"Nikiwarudisha ndani, ukuta utawaangukia."

"Hiyo ni hatari tarajiwa. Iandike kwenye daftari." Akamsogelea, akashusha sauti, kwa wema kabisa. "Una miaka mingapi kustaafu? Sitaki kukuharibia. Kufikia kesho saa mbili wawe ndani, au nimkabidhi shule mwalimu Hamduni."

Hamduni, mwalimu mkuu msaidizi, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Alitazama viatu vyake, na Sikudhani akajua kwamba akiambiwa atawarudisha watoto wote, na madawati yao atayapanga vilevile yalivyokuwa.

Basi aliwarudisha yeye. Kwa jambo hilo baadaye hakujisamehe, na wala hakuruhusu mtu amsaidie kujisamehe. Alijiambia kwamba akibaki yeye atawalinda. Alisukuma madawati mbele mpaka watoto wa kwanza wakawa wananusa ubao, alichora mstari wa chaki sakafuni na kumwambia kila mtoto asiuvuke. Lakini watoto tisini na sita hawaenei katika nusu ya chumba. Dawati la mwisho lilibaki mkono mmoja kutoka ukutani.

Siku tisa baadaye, Jumanne, kipindi cha tatu, manyunyu yalikuwa yameanza. Tausi alikuwa akinakili zoezi la Kiswahili na penseli yake ikavunjika. Alikuwa na nyingine kwenye kishimo chake. Alivuka mstari, akaingiza mkono wa kushoto, ule anaoandikia, na kipande cha ukuta chenye ukubwa wa mlango wa kabati kikashuka.

Sikudhani alikuwa ofisini. Hakusikia kishindo; alichosikia ni darasa zima likinyamaza, na hilo ndilo lililomfanya akimbie. Waliinua matofali, yeye na Hamduni, na Hamduni alikuwa akilia huku anainua. Mtoto hakulia. Alikuwa akirudia, kwa sauti ya kawaida, kwamba hakukusudia kuvuka mstari.

Walimpakia kwenye pikipiki, Sikudhani nyuma amempakata. Hospitali ya wilaya ilimhudumia vizuri. Daktari alikuwa kijana, alifanya kila alichoweza. Vidole vitatu havikuwezekana kuokolewa.

Mama Tausi, aliyekuwa akiuza maandazi kwenye njia panda ya Kitongamano, alifika na unga mikononi. Alikaa kwenye benchi kando ya Sikudhani.

"Uliniambia ule ukuta ni mbovu," Mama Tausi alisema. "Kwenye mkutano wa wazazi. Tukachoma matofali."

"Ndiyo."

"Halafu ukamrudisha ndani."

"Ndiyo, mama."

Mama Tausi akapangusa unga mikononi kwa kanga yake. Angempiga makofi, Sikudhani angeshukuru.

Uchunguzi uliundwa siku ya tatu na ulikamilika siku hiyohiyo, kasi ambayo haikuwahi kuonekana Matuli. Kipandula aliusoma kwenye ofisi ya shule, mbele ya walimu na mama wa mtoto. Kwanza, ukuta haukuanguka, maana sehemu kubwa bado imesimama; umepungua tu. Pili, mkono wa mwanafunzi uliingia ndani ya miundombinu bila idhini. Tatu, mwanafunzi alivuka mstari wa usalama uliochorwa na uongozi, na kwa hili uongozi wa shule unapongezwa. Nne, mzazi anatakiwa kusaini kwamba amemwelimisha mtoto wake kuhusu matumizi sahihi ya kuta.

Alimsogezea Mama Tausi karatasi na kalamu, tabasamu likiwa palepale.

Mama Tausi aliitazama karatasi. "Mimi sijui kusoma," alisema. "Nilimleta yeye hapa aje ajue."

"Basi weka dole gumba, mama."

Sikudhani alisema baadaye kwamba kwa maisha yake yote alikuwa akidhani hasira ni joto. Siku ile aligundua kuwa inaweza kuwa baridi, na mtu akaona vizuri kuliko kawaida. Aliona kwamba barua zake zote zilikuwa zimefanya kazi moja tu, kuwapa wale watu kitu cha kupitia. Alinyanyuka, akaichukua ile karatasi mbele ya Mama Tausi, akaikunja mara nne na kuiweka mfukoni mwake.

"Mama hasaini," alisema. "Mheshimiwa, safari njema."

Jumamosi ilipofika, kabla jua halijawa kali, watu thelathini na wawili walikuwa kwenye uwanja wa shule na majembe, mitaimbo na kamba. Sikudhani hakuwahutubia. Aliwaonyesha mahali pa kufunga kamba, akahesabu hadi tatu, wakavuta. Ukuta ulikwenda chini kwa mara moja, bila ubishi, kama kitu kilichokuwa kimechoka kusubiri, na vumbi lilipotulia ulionekana ndani mwake mchwa mtupu na, kati ya vipande, penseli za watoto zipatazo ishirini. Mama Tausi aliziokota zote, akazifunga kwenye pindo la kanga yake.

Habari ilifika Matuli mchana. Na hapo ikatokea ajabu ambayo wajuzi wa mambo ya utawala wanaizungumzia mpaka leo. Sera ambayo ilikuwa imekwama kwenye rasimu ya tisa, halafu ya kumi, halafu ya kumi na moja, ilipitishwa Jumapili alasiri kwa dakika arobaini, ikapigwa muhuri, na ikaanza kutumika kuanzia Ijumaa iliyopita. Jumatatu asubuhi polisi walikuja kumchukua mwalimu mkuu akiwa anaita majina. Mtu wa kwanza kushitakiwa chini ya Sera ya Usalama wa Mwanafunzi alikuwa Sikudhani Malekano, kwa kosa la kuharibu ukuta uliokuwa katika mapitio.

Alikaa mahabusu wiki tano akisubiri kesi. Akiwa humo walikuja wakaguzi kutoka makao makuu kushindanisha wilaya. Walifungua daftari la kuta zenye mwelekeo la Matuli, wakakuta ukuta mmoja tu, nao haupo tena. Shule nyingine kumi na tisa zilikuwa na kuta za namna ileile, lakini hazikuwahi kuandika barua, kwa hiyo hazikuwa na kuta. Dokta Kipandula alikabidhiwa kikombe cha Wilaya Salama Kuliko Zote. Katika hotuba yake alisema mafanikio hayo hayakuja kwa bahati. Alisema yametokana na kuthubutu.

Mahakamani Sikudhani hakuwa na wakili. Wazazi wote thelathini na wawili walikuja wakajaza benchi, na aliwaomba mapema wasiseme kitu, kwa kuwa aliyeitisha ile kazi anajulikana. Hakimu alikuwa mama wa makamo, aliyeonekana kuwa na kesi nyingi na mafua.

"Mshitakiwa, ulibomoa ukuta?"

"Nilibomoa, mheshimiwa."

"Unajuta?"

"Najuta. Nilichelewa."

Karani aliacha kuandika. Hakimu alipenga kamasi, akatafuta karatasi kwenye jalada. "Ofisi ya Elimu haina chuki na wewe. Wameleta tamko. Ukisaini, unarudi kazini Jumatatu. Linasema tu kwamba ukuta ulikuwa imara na kwamba wewe ulighafilika."

Sikudhani alilisoma lote, kisha akalisoma tena, kwa utaratibu wa mtu aliyesahihisha madaftari miaka ishirini na sita.

"Mheshimiwa, yuko mtoto anaitwa Tausi. Mkono wa kushoto ana vidole viwili. Nikisaini hapa kwamba ukuta ulikuwa imara, vile vingine vilikwenda wapi?"

Hakimu hakumtazama. "Swali hilo haliko mbele ya mahakama."

"Basi mimi sina kingine cha kusema."

Alipewa miezi sita.

Mama Tausi alikwenda kumwona mwezi wa pili wa kifungo, na maandazi ambayo askari walikula nusu. Alimweleza kwamba wazazi wamejenga ukuta mpya kwa matofali yao ya kuchoma, na msingi wa mawe chini. Mwalimu Hamduni, aliyekaimu, aliona mafundi wanakuja, akaingia ofisini akafunga mlango, akakaa humo mpaka wakamaliza. Hakuwaruhusu, hakuwazuia, na wilayani hakuandika neno. Kwa Hamduni hilo lilikuwa jambo kubwa, na Sikudhani alilipokea hivyo.

"Na Tausi?"

"Anaandika kwa wa kulia. Herufi zinalala chini zote." Mama Tausi alikunja kitambaa cha maandazi. "Ananiuliza kama bado una hasira naye kwa kuvuka mstari."

Sikudhani alishika nyavu zilizowatenganisha. "Mwambie mstari ule niliuchora vibaya. Mwambie mwalimu alikosea."

Alirudi uani akakaa peke yake. Ni siku ile, akiwa ameegemea ukuta wa gereza, alipouangalia kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa mawe, mpana kama kitanda, umenyooka kama umepigwa rula, na juu yake ulikuwa na mkanda wa zege uliopakwa chokaa mpya. Hakuona ufa hata wa kupitisha sindano. Karibu na kona mzee mmoja, fundi wa gereza, mwenye ndoo na mwiko alikuwa amepiga magoti, akiziba alama ndogo ambayo Sikudhani ilibidi asogee ndipo aione. Wafungwa walimwita fundi Libori.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu."

"Nani kakuagiza kuziba hapo?"

"Haniagizi mtu. Nazunguka kila Jumatatu. Nikiona alama, naziba."

"Huandiki barua?"

Fundi alimtazama kuona kama anamtania.

"Husubiri kikao? Hakuna sera?"

Fundi Libori alipitisha mwiko mara ya mwisho, akapuliza vumbi, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kazi yake.

"Sera ya nini, mwalimu? Huu ukiachwa uanguke, watu watatoka."